Nilifungua Daftari la Kahindo

Kosa ni langu, ndugu zangu, sina wa kumsukumia. Nimekaa nalo mwaka mzima, na leo nalisema.

Nimesoma fizikia chuoni hapa Butembo, mashariki mwa Kongo. Rafiki wa kweli nilikuwa naye mmoja tu, Kahindo, binti wa wakulima wa Musienene, mwenye akili kutushinda sote. Kazi yake ya kumaliza chuo ilihusu kwasa, zile taa za mbali kabisa mbinguni ambazo mwanga wake umesafiri mabilioni ya miaka. Ukiutandaza mwanga huo kama upinde wa mvua, unaona mistari: huu wa chuma, ule wa kaboni. Ukiipima, unajua ulimwengu wa zamani ulikuwa umeshapika chuma kiasi gani.

Lakini mstari mwembamba hudanganya jicho. Kahindo akaniomba, "Tupime babili, mimi na wewe. Kila mutu kivyake, hapana kuonyeshana. Kisha tutafananisha."

Nikakubali, tena kwa kifua mbele!

Akashuka Beni kumuuguza dada yake. Aliniachia ordinateri, kompyuta yake yenye mistari yote, na daftari la vipimo vyake alilolifunga kwa mpira. Nilipima mistari mitatu tu. Wa tatu ulinitia shaka. Kabla ya kutufikia, mwanga wa kwasa hupita katika hewa yetu, na mvuke wa hewa huongeza mistari yake. Kwa hiyo niliandika kwa penseli kwenye karatasi yangu: "hewa yetu".

Kisha nikautoa ule mpira. Nilitaka kujihakikishia tu, jamani! Kahindo alikuwa ameandika "chuma". Nikajiuliza mimi ni nani hata nimsahihishe Kahindo. Nikafuta langu, nikaandika lake. Mistari mingine yote nilinakili, nikibadilisha tarakimu ya mwisho hapa na pale ili ionekane nimepima. Aibu gani hii!

Siku ya kutetea kazi yake, profesa mmoja aliweka kidole palepale. "Huu mustari, si ni mvuke wa hewa yetu?"

Kahindo akajibu, "Professeur, tulipima babili, na tulipatana." Akanigeukia akitabasamu, akingoja niseme.

Niliangalia viatu vyangu.

Kazi ilikataliwa. Jibu lake kubwa lote lilikuwa limesimama juu ya mstari ule. Kahindo alikusanya karatasi zake, akarudi kwao, na simu zangu hakupokea tena.

Nilimfuata Musienene siku ya soko. Alikuwa anachagua maharage. Nikamwambia yote, machozi yakinitoka mbele za watu. Mikono yake haikusimama.

"Kukosea, nilikosea mwenyewe," alisema. "Lakini sikukuita unikubalie. Nilikuita unione pale fasi nakosea."

Akamgeukia mteja. Mimi nikapanda pikipiki kurudi.

Bado napima kwasa. Daftari langu nimelichora safu mbili, kama alivyonifundisha. Yangu inajaa, ya pili ni nyeupe. Hakuna wa kuniambia "hapana, angalia tena". Upweke huu, Mungu wangu, sikujua kama unauma hivi!

Wewe unayeombwa kuangalia kazi ya mwenzako, iangalie kweli. Ukiona tofauti, sema, hata kama amekuzidi akili mara kumi. Heshima ya kunyamaza si heshima, ni kumwacha mtu peke yake.

Ile karatasi ninayo. Ukiiinamisha dirishani, "hewa yetu" bado inasomeka chini ya neno lake. Nilikuwa nimeona sawa, na Kahindo alikuwa ananingoja niseme.