Mimi Si Wakili Wako

Wenzake walimwita Kanuni, maana hata chai ya karani wa mahakama hakuinywa. Alikuwa wakili wa utetezi, mama wa watoto wawili, mwoga wa mbwa na wa lifti. Lakini kumwogopa mteja wake mwenyewe, hilo lilikuwa jipya.

Mteja alikuwa tajiri wa vitambaa, aliyeshtakiwa pamoja na muuzaji wake wa dukani kwamba walichoma ghala makusudi. Asubuhi ya kujibu mashtaka, tajiri alimvuta wakili kwenye kichumba kando ya mahakama.

"Yule dada hana wakili. Mwambie unatusimamia sote. Akikiri, hatafungwa."

"Huo ni uongo. Siwezi."

Tajiri akatabasamu. "Mdogo wangu anapajua kwako. Anasema watoto wako wana adabu sana."

Kanuni alitoka ameng'ang'ania faili, na huko kwenye korido muuzaji akamkimbilia.

"Dada wakili, wameniambia unanisimamia na mimi! Siku ile ya moto mimi nili..."

"Nyamaza! Usiniambie kitu. Mimi si wakili wako. Namtetea bosi wako, na linalomfaa yeye laweza kukuumiza wewe. Kabla ya kujibu lolote, mwombe hakimu nafasi ya kupata wakili wako mwenyewe."

"Sasa nikiri au nisikiri?"

Kuna mambo mteja alimweleza Kanuni, na hayakuwa yake kuyatoa.

"Hilo siwezi kukujibu. Omba wakili."

"Kumbe una roho ya jiwe," dada akasema, machozi yakimlengalenga.

Mwisho wa korido mdogo wake tajiri aliegemea ukuta, akiwatazama.

Dada aliitwa, akasimama mbele ya hakimu. Kanuni alikodolea meza macho.

"Naomba wakili wangu," dada akasema.

Hakimu akaahirisha kesi yake. Hapo Kanuni akainuka, akaomba kujitoa.

"Kwa sababu gani?"

Nyuma yake mtu alikohoa.

"Za kitaaluma, mheshimiwa. Naomba nisizieleze."

Aliruhusiwa. Siri za kesi alizifungia kifuani, ila kile kitisho hakikuwa siri ya kulindwa: kutoka pale alikwenda moja kwa moja polisi, kisha akawahamishia watoto kwa shangazi yao. Mdogo wake tajiri aliitwa, akaonywa, akaachiwa. Wiki nzima Kanuni alishtuka kila mlango ulipogongwa, na mara moja alimpigia kelele fundi bomba aliyemwita mwenyewe.

Baadaye muuzaji alipata wakili, akaachiwa huru. Walipopishana kwenye ngazi za mahakama, Kanuni alimsalimia. Dada aligeuza uso, akapita. Kanuni akaangalia kwanza nyuma yake, ndipo akaendelea kupanda.