Waringa na Moto wa Shamba Namba Tisa

Siku ya kwanza kazini, kabla hata hajaonyeshwa choo kiko wapi, Waringa aliona mtu akipigwa.

Alikuwa amesimama mlangoni mwa garaji ya kampuni ya chai ya Chemosiro, upande wa Kericho unaoelekea Bomet, barua ya ajira mkononi na ovaroli mpya mwilini, bado ina mikunjo ya dukani. Ndani, wanaume wawili walikuwa wamekabana koo. Mmoja alikuwa mzee wa miaka hamsini na kitu, mikono imejaa grisi hadi viwikoni. Mwenzake alikuwa kijana mrefu, mwembamba. Kijana alimsukuma mzee mpaka mgongo ukagonga meza ya vyuma, akamtia ngumi ya mdomo. Mzee akatema damu, akaokota spana, akamgonga nayo begani. Wanaume wengine watatu waliokuwa mle ndani hawakuinuka. Mmoja wao aliendelea kunywa chai yake.

“Ni wewe uliandika jina langu!” kijana alifoka, ameshika bega.

“Mimi siandiki majina, Kipkirui,” mzee alijibu akihema. “Enda usome tena. Langu pia liko.”

Orodha ilikuwa imebandikwa kwenye mlango, pale pale begani kwa Waringa. Ilikuwa ya watu watakaoachishwa kazi mwisho wa mwaka. Mzee alipogeuka kutafuta kitambaa cha kupangusa mdomo ndipo alipomwona.

“Na wewe ni nani?”

“Naitwa Waringa. Mimi ndiye fundi mpya wa mashine za kuchuma.”

Yule mnywaji chai alicheka peke yake. Mzee, ambaye jina lake lilikuwa Omosa na ndiye aliyekuwa mkubwa wa garaji, alimtazama kuanzia viatu hadi kichwa, kisha akamwelekeza kwa kidevu kwenye ufagio uliokuwa pembeni. Damu yake ilikuwa imedondoka sakafuni. Kazi ya kwanza aliyoifanya Waringa maishani mwake kwa kuajiriwa ilikuwa kuifagia damu hiyo kwa vumbi la mbao.

Alikuwa msichana wa miaka ishirini na minne. Kwao ni Londiani, ambako baba yake, Wambugu, analima viazi na kufuga ng'ombe wawili wa maziwa. Alisomea ufundi wa mitambo Nakuru, kisha akakaa nyumbani mwaka mmoja na nusu akituma maombi ya kazi. Barua ya Chemosiro ilipofika, mama yake aliisoma mara mbili, akaiweka juu ya redio. Baadaye, wakimenya viazi, alimuuliza, “Kote ulikoomba, walikokuita ni huko tu?”

Waringa alijua mama anasema nini. Mwanzoni mwa mwaka 2008, wakati wa ghasia za uchaguzi, alikuwa na miaka saba, na alijificha nyuma ya pipa la maji huku nyumba yao ikiteketea na baba yake akiulizwa jina lake na vijana wenye mapanga. Wambugu alilisema, jina la Kikuyu. Mkono wake wa kushoto haujawahi kunyooka tangu siku hiyo. Walirudi Londiani baada ya miezi kumi, wakajenga upya, wakasalimiana na majirani wale wale, na siku hizi maziwa yao na ya majirani hao yanapelekwa kwa mkokoteni mmoja. Waringa alikua akizungumza Kikipsigis vizuri kama Kikuyu. Lakini mama yake hakupata tena usingizi mzito.

Chemosiro ilikuwa kampuni iliyovunjika moyo. Mashine za kuchuma zilikuwa zimeletwa miaka mitatu kabla, na kila moja ilifanya kazi ya wachumaji kadhaa wa kadhaa. Nyumba za laini walimokaa wachumaji zilikuwa tupu nusu, milango imeng'olewa. Waliobaki kazini hawakuaminiana. Watu walikula mmoja mmoja, kila mtu na mkebe wake, mgongo ukutani. Waringa akiacha spana juu ya meza, akirudi haipo. Wiki ya pili alikuta mtu amemwaga mchanga ndani ya tangi la mashine namba nne. Alipomwambia Omosa, mzee alikuna kidevu akasema, “Safisha. Usiulize. Mtu wa mwisho kuuliza alivunjwa meno hapo nje.”

Aliyemzoea kwanza ni yule kijana, Kipkirui. Yeye ndiye aliyeendesha mashine ya shamba namba tisa, na Waringa ndiye aliyeitengeneza, kwa hivyo walikuwa pamoja karibu kila siku. Kipkirui alikuwa mtu mpole akiwa mbali na garaji. Siku moja, wakingoja mvua ipite, alimwambia habari za mama yake.

“Mamangu alichuma hapa miaka ishirini na sita,” alisema. “Shamba hili hili. Mistari hii ninayopita na mashine, yeye aliijua mmoja mmoja. Walimfukuza wiki ile mimi nilipewa usukani.”

“Na alisema nini?”

“Hakusema. Aliacha kunipakulia chakula. Tunaishi nyumba moja, najipakulia mwenyewe.”

Mama huyo aliitwa Chepchirchir. Waringa alimwona mara moja tu kando ya barabara, mwanamke mfupi, mkakamavu, kitambaa kichwani, akizungumza na wanawake wengine. Mashine ilipopita waliacha kuzungumza wote kwa pamoja.

Wiki ya saba, Alhamisi, saa nne asubuhi, mashine ilikwama katikati ya shamba namba tisa. Waya ulikuwa umejizungusha kwenye visu. Waringa alizima injini, akajilaza chini kwa mgongo na koleo mkononi. Kipkirui alibaki juu kwenye kiti. Waringa alisikia wimbo kwanza, sauti za wanawake zikipanda kutoka bondeni, akadhani ni mazishi. Kisha jiwe likagonga bati la mashine, na jingine, halafu yakanyesha.

“Shuka!” watu walipiga kelele. “Shuka, weri! Shuka, kijana, upesi!”

Waringa alijaribu kutambaa atoke upande wa pili. Jiwe lilimpata kwenye paji la uso, damu ikamfunika jicho la kulia. Mikono ikamkamata miguu, ikamburuta juu ya matawi ya chai yaliyokatwa mpaka ovaroli ikapasuka mgongoni. Mtu akampiga teke la mbavu. Alipofungua jicho lililobaki, mwanamume aliyefunga skafu usoni alikuwa amesimama juu yake na panga.

“Huyu si wa hapa,” mwanamume alisema. “Wewe, unaitwa nani?”

Angeweza kudanganya. Alikuwa na Kikipsigis cha kutosha, na majina ya kutosha ya wasichana aliosoma nao. Lakini ulimi ulijiendea wenyewe.

“Waringa.”

Panga liliinuka. Waringa aliona makali yake yalivyonolewa upya, alama za tupa bado zinang'aa. Ndipo mwanamke mfupi alipojipenyeza kati yao, akamsukuma mwanamume huyo kifuani kwa mikono miwili.

“Hatukuja kwa majina!” alisema Chepchirchir. “Tulikuja kwa mashine. Ukimkata huyu mtoto, nikate mimi kwanza.”

Mwanamume alisita, akatema mate, akaondoka kwenda kuvunja kioo cha mashine.

Juu kwenye kiti, Kipkirui alikuwa ameng'ang'ania usukani. Vijana wanne walimpanda kama siafu. Walimpiga rungu la vidole, akaachia. La pili likampata taya, na Waringa alisikia mfupa ukilia kama kuni kavu. Walimtupa chini. Walikuwa majirani zake. Mmoja alikuwa amesoma naye. Walimkanyaga mpaka mama yake akapiga ukemi, “Basi! Basi! Nimesema basi!” Wakamwacha akijikunja kwenye matope.

Chepchirchir alipewa mtungi wa petroli. Alipanda mwenyewe kwenye mashine, taratibu, akaimwagia injini, kiti, magurudumu. Aliposhuka alimtazama mwanawe aliyelala pale, kisha akatoa kiberiti kwenye kifua cha gauni lake. Njiti ya kwanza ilizima. Ya pili ikashika.

Moto uliinuka kwa mshindo mmoja. Joto lilimsukuma Waringa nyuma kama mkono. Wanawake walipiga vigelegele, na vigelegele vyenyewe havijaisha gari la ulinzi likatokea kwenye barabara ya shamba, likiruka mashimo. Watu wakatawanyika ndani ya chai.

Chepchirchir alikimbia pia, lakini mtaro ulimwangusha. Aliinuka kwa magoti, mikono yote miwili juu, vidole vimeachana. Hakuwa na kitu. Mkuu wa ulinzi wa kampuni, mtu aliyeitwa Peterson, alishuka garini na bastola, akatembea mpaka akawa hatua tano kutoka kwake. Hakukuwa na mtu mwingine karibu. Hakupiga kelele, hakuamuru kitu. Alimpiga risasi ya mguu, chini ya goti, kisha akarudisha bastola kiunoni.

Waringa alifika pale kwa kutambaa. Mfupa ulikuwa umetokeza nje. Alivua mshipi wake, akaufunga juu ya goti la mama huyo, akaukaza kwa koleo alilokuwa bado ameshika bila kujua. Chepchirchir hakulia. Alimuuma Waringa mkono, akaachia, akamuuma tena.

Hospitalini walimkata Chepchirchir mguu. Kipkirui alifungwa taya kwa waya. Waringa alishonwa nyuzi kumi na moja, akarudi kazini Jumatatu kwa sababu hakuna aliyemwambia asirudi.

Antony, afisa wa wafanyakazi, alimwita ofisini na kumsogezea karatasi iliyochapwa tayari. Ilisema kwamba mwanamke huyo alimvamia Bwana Peterson kwa panga.

“Soma, utie sahihi hapa chini,” alisema. “Na barua ya kukuajiri kabisa iko kwa droo yangu.”

“Hakuwa na panga.”

“Waringa, hawa watu walitaka kukuua.”

“Mmoja alitaka. Yeye ndiye aliyemzuia.”

“Fikiria mpaka kesho,” alisema Antony, bila hasira.

Jioni hiyo, akitoka kazini, alimkuta Kipkirui akimngoja langoni. Alizungumza kwa meno yaliyofungwa, maneno yakitoka nusu nusu.

“Polisi wamemfungulia mamangu kesi ya kuchoma mashine. Hakuna shahidi ila wewe. Mimi nilikuwa nimezirai. Sema ulikuwa na damu machoni, hukuona nani aliwasha.”

“Nilikuwa na jicho moja, Kipkirui. Nilimwona.”

“Alikutoa chini ya panga!” Mate yenye damu yalimtoka mdomoni. “Alikutoa chini ya panga, na wewe unataka kumtia jela?”

Waringa alilishika lango. Alitamani kulia mbele yake lakini mbavu zilimuuma hata kwa kupumua.

Asubuhi alimweleza Omosa, kwa sababu hakuwa na mwingine wa kumweleza. Mzee aliendelea kulegeza bolti kwa muda mrefu.

“Mimi ningekaa kimya,” alisema hatimaye. “Nimekaa kimya hapa miaka ishirini na mbili. Na jina langu liko mlangoni.”

Saa ya chakula Waringa alikaa kwenye kiti cha trekta mbovu, akaandika kwa mkono wake kurasa mbili na nusu. Aliandika kiberiti, njiti ya kwanza na ya pili. Aliandika mikono iliyoinuliwa, hatua tano, na kimya cha Peterson. Aliandika panga na aliyelizuia. Alipeleka nakala moja kwa polisi na nyingine kwa Antony. Antony aliisoma amesimama. Saa tisa alasiri Waringa aliambiwa kwamba kipindi chake cha majaribio hakikuridhisha, na arudishe ovaroli. Alipokuwa akivuka uwanja, mtu alimrushia nati kubwa ikampata kisogoni. Hakugeuka kuangalia ni nani.

Londiani, mama yake alimpokea mlangoni, akashika ile alama ya nyuzi, akaingia ndani. Baba yake ndiye aliyeuliza. “Walikuuliza jina?”

“Ndiyo.”

“Ukasema?”

“Nikasema.”

Wambugu aliutazama mkono wake uliopinda, akaenda kukama ng'ombe.

Kesi ya moto na kesi ya risasi zilichukua mwaka mmoja na zaidi. Waringa alitoa ushahidi mara mbili, na mara zote mbili mawakili wa pande zote walimwita mwongo. Peterson alifungwa miaka minne. Chepchirchir alipatikana na hatia ya kuchoma mali akapewa kifungo cha nje, kwa sababu ya mguu. Siku ya hukumu Waringa alimkuta kwenye ukumbi wa mahakama, kwenye benchi, magongo yameegemezwa ukutani. Alitaka kupita, lakini mama huyo alimwita.

“Chamgei,” alimsalimu.

“Chamgei, mama.”

“Mimi nilijua utasema kiberiti,” Chepchirchir alisema. “Niliona macho yako siku ile. Nilikuchukia miezi mingi. Lakini kama hungesema kiberiti, hakuna mtu angeamini ile ya mikono.” Alivuta gongo moja, akalishika mapajani. “Sasa enda. Sitaki Kipkirui akukute hapa.”

Siku hizi Waringa ana kibanda Roret, sokoni, anakotengeneza mashine ndogo za wakulima na pampu za kunyunyizia dawa. Omosa alimfuata huko baada ya kuachishwa kazi, na wanagombana kila siku kuhusu redio. Chemosiro ilinunua mashine nyingine, mpya zaidi, na ikaijengea kila moja kibanda cha chuma chenye kufuli.

Kipkirui alikuja sokoni mara moja, mwezi wa nne, akiwa na pampu iliyoharibika begani. Taya lake lilipona vibaya. Uso wake umeinama upande mmoja. Alifika mpaka mbele ya kibanda, akamwona ni nani aliye ndani. Waringa alisimama, akapangusa mikono, akanyoosha mkono kuipokea pampu. Kipkirui alimtazama kitambo, akaiweka pampu vizuri begani, akaendelea na njia kumtafuta fundi mwingine.