Nassib Hakunywa

Mume wangu Nassib hajaonja pombe maisha yake yote. Nalisema hili kwanza, maana hapa Mpanda mjini kila mtu ana ushahidi wake, na wote waongo.

Alikuwa muuza kahawa karibu na soko. Alimimina kutoka juu bila kumwaga tone, huku akiwatania Wasukuma waliokuja kuuza mpunga: "Kunyweni polepole, hii si togwa!"

Kisha bodaboda ikamwangusha njia ya Litapunga, akaangukia kisogo. Kidonda kilipona, mwendo haukupona. Daktari alitueleza kwamba kisogoni kuna ubongo mdogo, ndio unaopima hatua na kuuelekeza mkono. Nguvu Nassib anazo, vipimo ndivyo vimepotea. Akitembea anapepesuka, akifuata kikombe mkono unakipita, na ulimi unaburuta maneno.

Mimi nilielewa. Watu je? Thubutu! "Nassib kaanza gongo." Wateja wakahama. Hata Yasser, mdogo wake wa ziwa moja, alimnusa mdomo mbele yangu. Alipokosa harufu akasema, "Siku hizi kuna za kisasa, hazinuki." Nilitamani kumtia kofi.

Posa ya binti yetu Iman ilipokuja, Nassib alitaka kitu kimoja tu: amwozeshe mwanawe yeye mwenyewe. Yasser akakimbilia kwa shehe. Mlevi ni fasiki, alisema, hawezi kuwa walii wa kumwozesha binti. Shehe alikuja nyumbani, nikamweleza maneno ya daktari, akasikiliza vizuri. Kisha akataka kumsikia binti anayeishi na baba yake.

Nikashusha pumzi. Iman ndiye aliyemlisha uji miezi yote ile.

"Binti yangu, baba yako anakunywa?"

Iman alitazama mkeka. "Hapana, shehe. Lakini siku ile watu watakuwa wengi. Baba mdogo aniozeshe."

Uchungu ule, nyie acheni! Mwanangu anajua ukweli, na bado anamwonea aibu baba yake.

Nassib alikuwa amekaa palepale. Alihangaika na ulimi wake mpaka maneno yakatoka: "Yasser awe wakili wangu. Asiaibike mtoto."

Shehe akamwombea dua, akaondoka.

Kesho yake nilimkuta Yasser sokoni, kazungukwa na watu. "Ameachia mwenyewe," alikuwa akiwaambia. "Asingekuwa mlevi, angeachia?"