Bei ya Jina la Connie

Arlys Brekke aliuza trekta lake la kwanza akiwa bado anasoma sekondari. Lilikuwa trekta bovu la baba yake. Alilinunua kwa baba mwenyewe asubuhi, na kabla ya chakula cha jioni alishampata mteja. Baba alinuna wiki nzima, kisha akamkabidhi funguo za uwanja wa biashara. Tangu hapo wakulima wa Norby, magharibi mwa Wisconsin, hawajui kununua mashine kuukuu kwa mtu mwingine. Mume alikuja, mume akaondoka, uwanja ulibaki.

Kilichokuwa kikimkaba koo ni daraja. Lilikuwa limechoka, likapigwa marufuku kupitisha mizigo mizito, na wateja wake wengi walikuwa ng'ambo ya mto. Kupeleka mashine ya kuvunia huko kulitaka mzunguko mrefu uliokula faida yote. Mwaka mwingine wa namna hiyo, angefunga lango.

Kiangazi cha uchaguzi, redio ikaanza kumtaja Connie Zastrow, seneta wao, aliyekaa dawati moja na Arlys shuleni. Warren Lathrop, mgombea urais wa chama chao, alikuwa mtu wa miji ya mashariki aliyemjua ng'ombe kwa picha tu. Washauri wake walitaka mgombea mwenza wa huku mashambani, na Connie alikuwa kwenye orodha. Norby ikapagawa. Mwokaji mikate alishaanza kuandika jina lake kwenye keki.

Basi akaja wakili wa Lathrop uwanjani kuuliza habari za Connie. Ndiyo desturi: kabla ya kumtaja mwenza, mgombea hutuma watu wamchimbe mpaka mizizi. Arlys akamwekea kahawa.

"Seneta Zastrow ni mtu wa namna gani?"

"Mkaidi. Huruma anayo, ila haitangazi."

"Vizuri sana! Watu wanampenda?"

"Waliompigia kura, ndiyo. Wengine waulize wenyewe."

Wakili akacheka, akasifu kahawa, akaaga. Hakumgusia Ray, mume wa Connie, aliyewahi kufilisika mara mbili na kugombana na nusu ya mji.

Arlys alibaki mlangoni akilitazama gari likiondoka. Mnunuzi wa kweli hulala chini matopeni achungulie tumbo la trekta. Anayesifu rangi na kuondoka ana trekta lingine moyoni. Hili amelijia tu ili akamtishie nalo mwenye lile lingine, apunguze bei.

Ijumaa Connie alikuwa nyumbani. Wakanunua samaki wa kukaanga, wakala ndani ya gari la Arlys, vioo vimepandishwa.

"Hawakuchukui," Arlys akasema.

"Asante kwa kunitia moyo, mwenzangu."

"Wamemuuliza mtu yeyote kuhusu Ray?"

Connie akaacha kutafuna. "Hata Ray mwenyewe hawajamuuliza."

"Basi wameshampata wao. Wewe umewekwa hapo ili watu wa Wisconsin wajione wamekumbukwa, na huyo mwingine asijivute kukubali."

Ilimuuma Connie, na Arlys aliacha iume. Kisha seneta akacheka kwa pua. "Nilishachagua na suti, mjinga mimi."

"Ivae tu. Lathrop si ndiye mwenyekiti wa kamati ya barabara huko Seneti?"

"Arlys, usianze."

"Naanza. Leo jina lako lina bei. Akishamtangaza mwingine, halina. Mpigie. Mwambie ukiachwa hutanuna, utasimama naye kila maonyesho ya kilimo jimboni, ushike ndama, ucheke mpaka Novemba. Lakini fedha za daraja letu zipite kamatini kwanza."

"Akiniahidi baada ya uchaguzi?"

"Ahadi ya baada ya uchaguzi hata mimi nakupa. Kwanza, Connie. Kwanza!"

"Unanifikiria mimi au uwanja wako?"

"Uwanja wangu. Wewe una mshahara."

Connie alicheka mpaka akapaliwa na samaki. Jumatatu akapiga simu. Lathrop alizungukazunguka, akataja heshima, akataja chama. Connie akanyamaza tu, kama alivyofundishwa na Arlys, mpaka mwanamume yule akachoka na kimya. Kabla ya mwisho wa mwezi, fedha za daraja zilikuwa zimepita kamatini, na baadaye zikapita kote kulikobaki. Siku chache baada ya kikao cha kamati, Lathrop akamtangaza gavana fulani wa kusini kuwa mgombea mwenza wake.

Norby ikaomboleza. Watu walimshika Connie mkono kanisani kana kwamba amefiwa. Yeye alitabasamu, akaenda kushika ndama, na alikofika kura zilisogea upande wa Lathrop.

Majira ya kuchipua mkandarasi wa daraja alifika kupima kingo za mto. Arlys alikuwa wa kwanza kumpelekea kahawa. Alipoondoka pale, alikuwa amemwuzia greda.