Tulijinyima Twende Kasai, Kasai Ikaja

Mwaka ule nyumbani kwetu Kapata, mtaa wa Kolwezi, nyama ilienda vakansi kabla yetu. Ndivyo nilivyowaeleza wadogo zangu, mapacha wawili wenye matumbo ya wabunge, walipoanza kuuliza kwa nini kila siku ni ugali wa bukari na majani ya sombe, sombe na bukari.

"Nyama ilipandaka treni," niliwaambia. "Iko Kasai, inatungojea. Mukilia, itakasirika."

Waliniamini kupita nilivyotarajia. Mmoja akaanza kuiombea safari njema kabla ya kulala.

Safari yenyewe haikuwa mzaha. Sisi ni wajukuu wa watu walioletwa kutoka Kasai kuja kuchimba shaba. Nyumba tunayokaa babu aliipata pamoja na kazi, kazi ikaisha, nyumba ikabaki. Lakini mama hakuzaliwa hapa. Papa alienda kumtafuta kulekule, kijiji kimoja upande wa Mwene-Ditu, na tangu alipomleta, mama alirudi kwao kumwona mama yake mara moja tu, mimi nikiwa mgongoni. Bibi huyo tunamwita kaku. Hana simu, hutumia ya katekista. Na siku moja sauti yake ilifika kwenye simu ya mama ikisema macho yameanza kuingia ukungu.

"Mwanangu, utakuja ningali naona sura yako? Ao unangoja nikupapase kama mtu anayechagua muhogo sokoni?"

Mama alicheka. Kisha akaisikiliza tena, hakucheka. Ikawa ni hiyo: tumfikie kaku macho yake yakingali yanafanya kazi.

Papa ni fundi wa umeme katika kampuni ndogo inayofanyia kampuni kubwa vibarua. Leo kuna mkataba, kesho unakuta geti limefungwa na mlinzi anajifanya hakujui. Mtu wa namna hiyo hakopeshwi. Basi Jumapili moja baada ya misa akasimama sebuleni kama anayesoma habari.

"Kuanzia leo hii nyumba iko mu rejime. Vakansi kubwa ya mwaka huu, shiye wote ku Kasai. Makuta yenye inaingia, pesa yote, isitoke."

"Papa, na mi nikitaka kutoka?"

"We utatoka na miguu."

Hakutania. Rejime ikawa kujinyima kila senti. Pikipiki za taksi-moto zikapigwa marufuku. Kutoka Kapata mpaka shule, kule Manika, nilitembea pembeni ya malori ya madini, na nilipofika darasani nilikuwa rangi moja na barabara. Malori yale hayalali. Mwalimu wa jiografia alitueleza kwamba kobalti yetu inaenda kutengeneza betri za magari ya Ulaya na Uchina, kwa hiyo kila lori lililonitupia vumbi lilikuwa limebeba safari ya familia fulani inayoenda baharini. Nililipungia mkono. Nini tena?

Nikampa papa cheo cha Waziri wa Fedha. Waziri alitunyoa nywele yeye mwenyewe, kwa mkasi wa kukatia waya, na tukatoka vichwa kama shamba la mahindi lililotembelewa na ng'ombe. Aliing'oa balbu ya chumba chetu akisema usingizi hauhitaji mwanga. Frigo ilizimwa, na mama akaigeuza kabati: humo ndani akaweka kitenge kipya cha kaku, kimekunjwa, mahali ambapo zamani walilala samaki. Noeli tulienda misani na nguo za Noeli iliyopita. Suruali yangu ilikuwa imeamua kubaki karibu na magoti. Tukarudi, tukala maharagwe, papa akatuambia tuyatafune polepole kwa sababu ni sikukuu.

Jirani alichungulia juu ya ua. Kwa kuwa mama ana mapacha, watu wote wanamwita Mama Mapasa.

"Mama Mapasa! Ile kufunga yenu itaisha siku gani? Hata bapasta banakulaka magaribi."

"Itaisha siku nitamuona mama yangu."

"Eeh! Kumbe munafunga juu ya mutu, mi nilizania juu ya Mungu."

Pesa mama hakuziweka nyumbani. Alikuwa katika likelemba ya wamama wa kwaya: kila mwezi wote wanatoa, mmoja anabeba. Kila mwanamke hupigania zamu ya kwanza, maana nani anajua kama kikundi kitafika mwisho? Mama aliomba ya mwisho kabisa. Wakamshangaa. Lakini yeye alijua nyumba yetu, alijua malaria, misiba na papa anapopokea simu kutoka kwa binamu zake. Zamu ya mwisho ilikuwa inaanguka mwanzoni mwa Julai, pamoja na proklamasyo, siku ya kusomwa matokeo ya shule. Kabla ya hapo hata yeye mwenyewe asingeweza kuzila.

Ilikuwa akili nyingi sana. Ila furaha ikaiharibu.

Siku alipobaki peke yake kwenye orodha ya wanaongoja, mama alishika simu akatuma sauti kwa katekista. Nilikuwa karibu, nilisikia kila kitu. Alimwambia kaku ajitayarishe. Zamu yangu ya likelemba inaanguka na proklamasyo, alisema, tunakuja wote, watu watano, treni tutalipa wenyewe, usihangaike na kitu. Alisema kwa sauti ya mtu anayeimba. Na sauti ile katekista aliifungulia uwanjani, mbele ya kanisa, ili kaku asikie vizuri. Kijiji kizima kikasikia vizuri.

Wiki ileile mama alipopokea fungu lake, tuliamka tukakuta manseba mlangoni.

Manseba ni mjomba, kaka wa mama. Alikuwa amesimama na mtoto wake wa kiume, rika langu, na magunia mawili. Nilidhani ni zawadi kutoka kijijini: karanga, mihogo mikavu. Nikakimbilia kumsaidia kubeba. Yalikuwa matupu.

"Dada," manseba alimwambia mama baada ya kukaa kwenye kiti cha papa, "tulisikia sauti yako. Tukasema, mutu wa kulipia batu tano treni, huyu makuta imemulemea. Nikasema niende nimusaidie kubeba."

Papa alicheka, kile kicheko anachomchekea bosi. Angefanya nini? Kwetu manseba si mgeni wa kawaida. Siku dada yako anaolewa, bila neno lake hakuna harusi. Akiingia, papa anasimama. Na hakuna Muluba, mtu wa kabila letu, atakayemuuliza mgeni ataondoka siku gani. Afadhali auze mlango.

Kuku akachinjwa, wa kwanza tangu rejime ianze. Firigisi, ambayo nyumbani kwetu ni ya papa na hakuna mwingine anayeigusa hata kwa macho, papa mwenyewe aliichukua kwa vidole akaiweka kwenye sahani ya manseba. Mapacha walipiga kelele: "Nyama imerudi toka Kasai!" Manseba akafikiri wanamsifu.

Alisema amekuja kutafuta kobalti. Akaenda na mtoto wake kuona mashimo, kule vijana wa kila pembe ya Kongo wanakoingia ardhini na tochi kichwani. Kabla ya saa sita alikuwa amerudi kitini.

"Ile kazi si ya mutu mukubwa. Bantu banaingia chini kama nyoka!"

Mtoto wake alibaki, akabeba magunia ya watu siku kadhaa, mpaka papa alipomwona njiani mweupe kwa vumbi na kumkataza. Akatii. Alikuwa mtu wa kimya, mtu mzuri, nilimchukia bila sababu. Baba yake aliendelea kupumzika. Kolwezi ilimpa kizunguzungu, akahitaji mayai. Maji yetu yalimpa tumbo, akahitaji bia. Papa, Waziri wa Fedha, mtu aliyenyang'anya watoto wake balbu, alinituma kwenda kuinunua bia hiyo, na aliniambia nipande taksi-moto isipate joto.

Mimi nilijaribu vita yangu. Kila asubuhi nilichukua viatu vya manseba nikavigeuza, pua zake zielekee barabarani. Siku ya nne aliniita mbele ya wote.

"Huyu mutoto ana heshima. Anapangaka biatu yangu."

Mama peke yake hakulalamika. Usiku ukikaribia, akipepeta unga, alimuuliza yaya, kaka yake mkubwa, jambo moja tu, lilelile.

"Yaya, mama anaonaka?"

"Anaonaka. Asubui anaonaka muzuri tu." Kisha manseba alitikisa mkono hewani, hivi, kama mtu anayefukuza nzi. "Ile ingine ni uzee."

Julai ikaisha. Agosti ikaenda nusu. Ndipo manseba akatangaza kwamba amekumbuka nyumbani. Tiketi mbili za treni, basi. Na yale magunia. Maana mtu anayetoka Kolwezi hawezi kurudi kijijini mikono mitupu. Watasema dada yake ni mchawi, amekalia dola na kumfukuza ndugu. Yakajazwa chumvi, sabuni, viatu, vitambaa, simu ndogo ya manseba, redio. Nilimsaidia mama kufunga gunia la pili. Tulikanyaga kwa miguu ili liingie.

Mchana huo niliwasikia papa na mama jikoni.

"Yenye inabakia inatosha kiti moya," mama alisema. "Niende naye. Mutoto yake abakie hapa kidogo."

"Abakie? Kaka yako atasema tulimunyanganya mutoto juu ya tiketi."

"Basi niende na mutoto, ye abakie. Achimbe kobalti yake."

Papa alihesabu viti upya kwa sauti ndogo. Nadhani aliipenda ile hesabu.

"Na kurudia?" aliuliza mwishoni. "Utarudia na nini? Na kulipa minervali ya masomo ya hawa batoto, shule inafunguka."

Nilimsikia mama akirudi kwenye masufuria yake.

Chakula cha mwisho kilikuwa kuku tena. Mapacha walishazoea. Yule mtoto wa manseba, ambaye kwa mwezi na nusu hakuwa ametoa maneno ya kujaza kijiko, alimtazama mama akasema kwa heshima, kama anayeshukuru:

"Tantine, kaku atasikitika. Alikuwa anafuga mbuzi yako."

"Mbuzi gani?"

"Ile ya kukupokelea. Alijinyimaka, alikuwa anauza karanga, anaongeza mbuzi ingine. Alisema batu bote ya Kolwezi batakula mpaka bashindwe. Njo ile yote tuliuza juu ya kulipa treni ya kuya huku."

Papa aliacha kutafuna. Mama alimgeukia kaka yake.

"Yaya, ile mbuzi ilikuwa ya nani?"

"Ya mama."

"Juu ya nani?"

"Juu yako. Lakini dada, yako na yangu, kuko tofauti gani? Ile mbuzi ilikuwa inakula majani ya bure, na huku makuta ilikuwa inalala ya bure."

Nilingoja. Mkononi mwa mama kulikuwa na birika ya maji moto ya kunawisha wageni baada ya kula. Alipiga goti, kama desturi inavyotaka, akashika beseni, akammiminia kaka yake maji polepole juu ya vidole vyenye mafuta ya kuku. Niliomba aunguze hata kidole kimoja. Hakumwaga hata tone nje.

Kesho yake waliondoka kwa gari mpaka Tenke, ambako treni ya Kasai hupita siku inayoipenda. Mama alikitoa kile kitenge kwenye frigo akampa mtoto, si baba. "Kiweke chini ya shati," alimwambia.

Sauti ya kaku ilifika shule zikiwa zimekwisha kufunguliwa. Mama alikuwa uani anakaanga mikate ya kuuza. Akanipa simu nifungue kwa sababu mikono yake ilikuwa na unga. Kaku alishukuru kwa chumvi. Alishukuru kwa sabuni. Kitenge, alisema, ni kizuri mno, amekishika chote kuanzia pindo mpaka pindo, ni kizito, si kama vile vya siku hizi. Halafu akauliza:

"Mwanangu, niambie. Ni cha rangi gani?"

Mafuta yaliendelea kulia kwenye sufuria. Kaku naye aliendelea, hakujua kwamba amesema kitu. Alisema amepata kambuzi kengine kadogo, amekafunga nyuma ya nyumba. Kanakula vizuri. Vakansi ijayo katakuwa kamekomaa, tuje tu.

Mama alifuta mikono kwenye kitenge chake, akachukua simu. Alirekodi, akafuta. Akarekodi tena.

"Ni ya kijani, mama. Ina ndege, ndege manjano. Na ile mbuzi, usiifugie mimi. Ichinje, uikule. Unasikia? Uikule ungali na meno."

Akaituma. Papa, aliyekuwa mlangoni akivaa viatu vya kazi, alisema kwa sauti ndogo:

"Ungemuambia tutakuja mwaka kesho. Ingemufurahisha."

"Nikimuambia mwaka kesho, kaka yangu atakata tiketi."

Akageuza mikate iliyokuwa inaanza kuungua upande mmoja, akaniuliza kama sina shule leo.