Shali ya Sindano Nene

Sufu ikiloa inanuka kama kondoo aliyenyeshewa. Juzi mjukuu wangu kaanika nyuzi zake hapa uani, ile harufu ikanirudisha Kakese, kwa bibi mzaa mama.

Mama alikuwa ndani na kichanga. Kwetu mtoto hatolewi nje mpaka kitovu kidondoke, tena atoke amefunikwa kitu cha kwao, si cha kuazima. Tulikuwa na sweta kuukuu la babu, mtu aliyependa makoti kuliko ng'ombe, lakini hayo tuyaache. Mimi nikafumua na kuosha nyuzi, bibi akafuma. Macho yake yalishaingia ukungu, basi akachonga sindano ya mninga yenye ndoano, nene kama kidole gumba, apapase matundu kwa mkono na kazi iende haraka.

Mama mdogo akacheka. "Mama, hiyo shali au wavu wa kambale?"

"Kitovu hakinisubiri mimi," bibi akasema. "Mume wangu, fumua." Mume ndiye mimi, utani wa mabibi.

Asubuhi kitovu kikadondoka. Mama akamtoa mtoto juani, amefunikwa ile shali.

"Imemfika miguuni?" bibi akaniuliza.

"Imefika, Bibi," nikasema, huku nimevifunika vile vidole vidogo kwa viganja vyangu.