Perege Juu ya Sola

Mashine ya Yosefina ya kukoboa mpunga, kule Katindiuka, ilitumia umeme wa namna tatu: wa gridi, wa sola na wa jenereta ya kuchoma pumba. Mumewe Polikarpo, mvuvi mwenye maneno mengi, aliapa kwamba sola ndiyo inayowabeba wenzake.

Siku moja akaja fundi Firdausi kupima jinsi mfumo mzima unavyofanya kazi. Vipimo vikaonyesha kuwa sola ndiyo mzembe kuliko wote.

"Kipimo chako kibovu, binti yangu!" Polikarpo aling'aka.

Firdausi akapanda ngazi kutazama. Juu ya paneli, perege walikuwa wametandazwa safu kwa safu.

"Baba, hawa nao wanazalisha umeme?"

"Wanakauka vizuri hapo," Polikarpo alijibu kwa sauti ndogo.

Yosefina alicheka mpaka akakalia gunia. Firdausi akawaonyesha bomba la jenereta, ambako joto lote lilipotelea hewani. Wakajenga kichanja kando yake, samaki wakahamia huko, na sola ikachangamka.

Firdausi aliporudi kupima, Polikarpo alisimama karibu na bega lake.

"Na perege uwahesabu kwenye vipimo vyako," alisema. "Si wanakula joto lililokuwa linapotea?"

Firdausi akafikiri kidogo, akacheka, akawahesabu.